Kwelea kwelea, ndege anayeishi kwa ratiba ya mvua

Kwelea kwelea akitajwa kwenye taarifa ya habari, ujue ndege ya kunyunyizia sumu imeshapaa au iko njiani. Hutajwa kwa mamilioni, hutajwa kwa tani za nafaka, hutajwa pamoja na mkuu wa wilaya aliyesimama pembezoni mwa shamba la mpunga akiahidi msaada. Hutamsikia mtangazaji akieleza ni ndege wa namna gani, anaishi wapi miezi ambayo hayuko shambani kwa mtu, anazaa vipi, analeaje. Mimi nimekulia kwenye uwele na mtama, mkoani Dodoma, na ndege huyu amekula sehemu ya chakula cha nyumbani kwetu tangu sijazaliwa. Hata hivyo kadiri ninavyomfuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba hatuna ndege mwingine mdogo wa mbugani mwenye maisha ya kustaajabisha kama yake, na kwamba anayetaka kuokoa shamba lake hana budi kuyajua maisha hayo.

Tuanze na umbo. Ni ndege wa sentimita 12 hivi, kuanzia mdomoni hadi mkiani, na uzito wake ni gramu 20 tu, zikipungua au kuzidi kidogo. Ukiwa naye mkononi, kama nilivyowahi kuwa naye baada ya jirani kumnasua wavuni, unausikia moyo zaidi ya unavyousikia mwili. Kitu cha kwanza kukuvutia ni mdomo: mfupi, mnene, mwekundu, mpana pale unapoungana na uso, umeumbwa kwa kazi moja ya kupasua mbegu ndogo. Ndege huyo aliishika ncha ya kidole changu kwa mdomo huo akabana, na maumivu yake hayakulingana na ukubwa wake. Mgongo una michirizi ya kahawia na nyeusi, tumbo ni jeupe lililofifia, na kwenye mbawa manyoya marefu yamezungushiwa kingo nyembamba za manjano ambazo huzioni mpaka umkunjue bawa. Nje ya msimu wa kuzaa dume na jike huwezi kuwatenganisha kwa urahisi. Wote wawili wanafanana na shomoro yeyote wa kijijini, isipokuwa ule mdomo.

Mvua ikishakolea hubadilika. Dume huota kinyago usoni, mara nyingi cheusi, wengine cheupe, na kuzunguka kinyago hicho kichwa na kifua hupata rangi ambayo haifanani kwa madume wawili: huyu waridi, yule manjano, mwingine rangi ya majani makavu, mwingine zambarau iliyopauka. Jike naye hubadilika, ila kwa mdomo. Ule wekundu hutoweka ukawa manjano kwa muda wote anaotaga, kisha hurudi. Homoni za uzazi ndizo zinazofanya kazi hiyo.

Hizi rangi za madume ziliwahangaisha wataalamu kwa muda mrefu. Kwa ndege wengi, dume mwenye rangi kali ndiye mwenye afya, na jike humchagua kwa hilo. Mtafiti James Dale aliyewachunguza kwelea hakukuta jambo hilo. Dume wa kifua cha waridi hakuwa mnene kuliko wa manjano, wala hakuwa na mafanikio zaidi katika kuzaa, na rangi ya kifua haikwenda sambamba na upana wa kinyago. Katika makala aliyochapisha na wenzake mwaka 2001 alitoa maelezo ambayo mimi naona yanatosha: rangi ni sura. Fikiria mti mmoja wa mgunga wenye mamia ya viota, kila kiota na mwenyewe, vimekaribiana kiasi kwamba ukinyoosha shingo unamgusa jirani. Kila dume lazima ajue huyu anayetua karibu yangu ni jirani niliyekwisha kupigana naye tukayamaliza, au ni mgeni anayetafuta pa kunyang'anya. Bila tofauti za uso, kila kutua kungekuwa ugomvi mpya.

Jina lake la kisayansi ni Quelea quelea, na lina historia ya kupotea njia. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeanzisha mfumo wa majina hayo, alimwandika mwaka 1758 akasema asili yake ni India. Huenda meli zilizotoka Mashariki ya Mbali zilipitia pwani za Afrika, zikachukua ndege hapa, na zilipofika Ulaya mizigo yote ikahesabiwa kuwa ya huko zilikoanzia safari. Leo tunajua hapatikani kwa asili popote nje ya Afrika kusini mwa Sahara. Anakaa ukanda wote wa nyasi kavu kutoka Senegal na Mauritania hadi Sudan na Ethiopia, akashuka Kenya na Tanzania, akaendelea hadi Afrika Kusini, akiukwepa msitu mnene wa Kongo na jangwa lenyewe. Wataalamu humgawa katika nususpishi tatu, yaani makundi madogo ndani ya spishi moja, na wa kwetu, wa Kenya na Tanzania ya kati, ni yuleyule wa Ethiopia na Sudan. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wako bilioni moja na nusu. Mara nyingi hutajwa kuwa ndege wa porini aliye mwingi kuliko wote duniani.

Wingi huo unatokana na nyasi. Watu hudhani kwelea ni ndege wa mtama, lakini mtama na uwele havikuwepo mashambani alipoanza kuwa kwelea. Chakula chake ni mbegu za nyasi za msimu, zile zinazoota mvua ikinyesha, zikachanua, zikadondosha mbegu na kufa, vyote katika miezi michache. Mbuga ya nyasi hizo ikikauka, ardhi huwa imemwagiwa mbegu ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona mpaka upige magoti. Nimepiga magoti mara nyingi pembeni ya mbuga ya Bahi mwezi wa saba. Unapangusa vumbi kwa kiganja, unalipuliza, na kinachobaki ni punje ndogo za kahawia, nyingine na manyoya yake, nyingine zimejificha kwenye nyufa za udongo wa mfinyanzi. Kwelea hula gramu 10 hivi za mbegu kwa siku, karibu nusu ya uzito wake. Kundi la milioni mbili, ambalo si kundi kubwa kwao, linaokota tani 20 kati ya jua kuchomoza na kutua. Huo ndio utajiri wa mbuga tunayoipita kwa basi tukisema ni pori tupu.

Sasa fuatilia kinachotokea kiangazi kikienda. Mbegu zinapungua kila siku, lakini kupungua siyo hatari kubwa. Hatari kubwa ni mvua. Sisi tunaisubiri kwa hamu, na kwa ndege wa mbegu siku ile inaponyesha ya kwanza ndiyo siku ghala linapofungwa: mbegu zote zilizobaki ardhini hunywa maji, huchipua, na ndani ya siku chache hazipo tena. Kijani kimejaa kila mahali na hakuna cha kula. Nyasi mpya zinahitaji wiki sita hadi nane kabla ya kutoa mbegu zao.

Peter Ward, aliyemchunguza ndege huyu kwa miaka mingi Nigeria na eneo la Ziwa Chad, ndiye aliyelipanga fumbo hili likaeleweka, katika makala yake ya mwaka 1971. Mvua ya kwanza inapoanguka, kwelea hula kwa pupa mbegu zinazochipua, na hula kumbikumbi wanaotoka ardhini siku hizohizo. Wananenepa. Mafuta yanajikusanya chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo nauli. Kisha wanaondoka. Wanapaa kuelekea kule mvua inakotokea, wanaupita ukanda wote wa mvua na wa nyasi changa, wanatua upande wa pili, mahali ambapo mvua ilianza wiki kadhaa kabla na nyasi zimeshaanza kukomaa. Wanakwenda kuikuta mvua ya zamani. Nilipoyasoma maelezo haya mara ya kwanza nilitoka nje nikaangalia mawingu, kwa sababu kila mwaka kwetu tulikuwa tukisema kwelea wamekimbia mvua, na hakuna aliyeuliza wamekimbilia wapi.

Na wakishafika huko hawakai wakasahau. Mvua inavyosogea, nyasi zinakomaa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, na kwelea huzifuata kwa zamu hizohizo, wakizaa njiani. Katika Bonde la Ufa la Ethiopia, Michael Jaeger na wenzake waliwapata ndege waliotiwa alama kwenye mazalia ya kwanza wakiwa wamehamia mamia ya kilomita mbele na kuanza tena mazalia mapya msimu uleule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986. Kuwatia alama ndege kwa wingi namna hiyo huwezi kwa kuwafunga pete mmojammoja. Chembechembe zinazong'aa hunyunyiziwa kutoka angani jioni wanapolala, kisha ndege wanaokamatwa baadaye huangaliwa chini ya mwanga wa pekee. Ndege mwenye uzito wa vijiko vichache vya sukari hana kwao. Kwao ni pale nyasi zilipo katika wiki fulani ya umri wake.

Kitu gani kinamwambia kwelea kwamba wakati wa kuzaa umefika? Jibu la awali lilitafutwa hapahapa Tanganyika. Miaka ya 1950, H. J. de S. Disney akishirikiana na A. J. Marshall walifuga kwelea kwenye mabanda na kuwajaribu kwa mvua ya bandia, kwa nyasi kavu na kwa nyasi mbichi. Jaribio lao lilitoka mwaka 1957 katika jarida la Nature. Nyasi ndefu mbichi, zile zinazosukika, ndizo zilizowapa madume ari ya kujenga. Inaingia akilini. Jani kavu linavunjika likikunjwa, na nyasi mbichi ni habari kwamba baada ya muda mfupi kutakuwa na wadudu, na baada ya wadudu mbegu laini.

Nimewahi kuingia kwenye mazalia, katika kichaka cha migunga yenye miiba mirefu, mwezi wa tatu, nikiwa nimefunga kitambaa puani kwa sababu ya harufu ya kinyesi. Kelele zake hazina mapumziko. Kila dume anaimba kwa namna yake, mlio mfupi wa kukwaruza unaoishia kwenye sauti nyembamba ya kulalama, na kwa kuwa wote wanaimba kwa pamoja hakuna wimbo unaoushika, isipokuwa ukisimama chini ya tawi moja na kumkazia macho ndege mmoja. Niliyemkazia macho alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alileta ukanda wa jani, mrefu kuliko yeye mara mbili, akaukanyaga kwa mguu mmoja kwenye panda ya vijiti viwili, akapitisha ncha chini ya kijiti, akaivuta kwa mdomo kutoka upande wa pili, akairudisha. Alifanya hivyo mpaka akapata pete iliyosimama wima. Akasimama ndani ya pete hiyo na hakutoka tena: kila jani lililofuata alilisuka akiwa amesimama palepale, akifikia mbele na juu kadiri shingo yake inavyofika, na kwa hiyo kiota kikawa na kipimo cha mwili wake mwenyewe. Jike alikuja kukagua kikiwa nusu. Alipokubali, mengine yalikwenda kwa haraka.

Kwa kawaida kiota humalizika ndani ya siku mbili au tatu, duara dogo la majani lenye mlango ubavuni karibu na juu na kibaraza chembamba cha kuzuia mvua. Jike anaweza kuanza kutaga hata kabla dume hajafunga ukuta wa mwisho. Mayai huwa matatu mara nyingi, ya buluu iliyofifia, kila moja na urefu wa milimita 18. Mchana wazazi hupokezana, na saa za joto kali mayai huachwa peke yake kwa kuwa jua linatosha kuyatunza. Usiku, baridi inaposhuka, jike ndiye anayelala juu yake. Baada ya siku kumi hivi yanaanguliwa. Makinda hulishwa kwanza wadudu, viwavi na panzi wadogo, kwa siku za mwanzo wanapohitaji protini, kisha mbegu ambazo bado ni za maziwa, yaani changa na laini. Wiki mbili baadaye wanatoka. Tangu jani la kwanza mpaka mazalia kubaki matupu, kazi yote haifiki miezi miwili. Ni wachache sana miongoni mwa ndege wanaomaliza kuzaa na kulea kwa muda mfupi namna hiyo, na dume wa kwelea, tofauti na minana wengi ambao huoa wake wengi na kuwaachia malezi, anakaa na jike mmoja katika kila uzazi.

Kinachoshangaza kuliko haraka yenyewe ni kwamba wote wanafanya kwa pamoja. Mazalia yanaweza kuenea zaidi ya hekta 100, yenye mamilioni ya viota, na mayai yote yakatagwa ndani ya siku chache. Kunufaika na hilo wanajazana wengine. Kongoti wanatembea chini ya miti wakivuta viota kwa midomo yao. Tai waliotoka Ulaya ya mashariki na Asia kuja kukwepa baridi hula makinda kwa wiki nzima wakiwa wamekaa chini kama kuku. Nyoka wamo, kanu wamo, nguchiro wamo, kunguru wamo. Lakini wote hawa wana matumbo yenye mwisho, na makinda wote huruka karibu siku ileile, kabla wawindaji hawajaweza kuongezeka. Anayechelewa kutaga kwa wiki moja ndiye anayeliwa, na pengine ndiyo sababu hakuna anayetaka kuchelewa. Na chakula kikikatika, kwa mfano mvua ikikoma mapema, kundi zima linaweza kuondoka likaacha mayai na makinda papohapo. Nimeona mazalia yaliyoachwa namna hiyo. Sitaki kuyaeleza kwa urefu.

Nje ya msimu wa kuzaa maisha yao yana malalio na malisho. Jioni wanalala kwenye matete, kwenye miwa, au kwenye migunga, na asubuhi wanatawanyika kwa makundi, wengine kilomita kadhaa kwenda kutafuta. Wakila ardhini, walio nyuma hukuta mbegu zimeshaokotwa, basi wanaruka juu ya walio mbele na kutua mbele yao, na hao walioachwa nyuma wanafanya vivyohivyo, mpaka kundi lote linaonekana kama mkeka unaokunjuliwa mbugani bila kuisha. Ward, pamoja na Amotz Zahavi, waliandika mwaka 1973 kwamba malalio makubwa kama haya ni mahali pa kupashana habari: ndege aliyekosa jana huangalia leo nani anaondoka kwa uhakika, akamfuata. Wazo hilo lilizua mjadala ambao haujakoma, nami nikiwa nimesimama kando ya matete alfajiri nikiona kundi la kwanza linavyonyooka upande mmoja na mengine yakifuata, naelekea kulikubali.

Nimechelewa kuja shambani kwa makusudi, kwa sababu kwelea mwenyewe huchelewa kuja. Mbegu za nyasi zikiwepo za kutosha, hana haja ya uwele wako. Anaingia shambani pale ambapo nyasi zimekatika, au pale ambapo makinda mapya mamilioni yameruka na mbuga haitoshi, na nafaka yako ya punje ndogo ndiyo imefikia maziwa. Anakula uwele, mtama, mpunga, ngano. Mahindi hayawezi, punje ni kubwa kuliko mdomo wake. Ndiyo maana anatokea Mbarali kwenye mpunga, Mwea na Ahero kwenye mpunga, Narok kwenye ngano, Manyoni na Bahi kwenye mtama. Mpunga wa skimu za umwagiliaji una kosa moja la ziada machoni pa ratiba yake: unaiva kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka.

Kwetu uwele ukifikia kuchanua, nguzo nne zilisimamishwa katikati ya shamba, vijiti vikalazwa juu yake, huo ndio ulingo. Kuamia ndege kulianza kabla ya jua na kuliisha giza likiingia, kwa wiki nne na zaidi. Mama alipanda na kombeo na udongo uliofinyangwa ukakaushwa, sisi watoto tulivuta kamba zenye makopo na kanda za kaseti zilizochomolewa, ambazo upepo ukizipiga hulia. Sauti ikikauka, unagonga debe. "Wewe ukikaa chini, wao wanakaa juu," mama alikuwa akituambia, na ni kweli, ndege hawa hawahitaji zaidi ya dakika chache za uzembe wako. Watoto wengi wa rika langu walikosa shule wiki hizo, na walimu walijua sababu. Ninapoandika kwa kumpenda ndege huyu, sijaisahau miguu ya mama ikining'inia kutoka ulingoni saa saba mchana.

Kuna athari nyingine isiyohesabiwa kwenye tani. Kila mwaka wakulima wa Dodoma huhimizwa kupanda mtama na uwele kwa sababu vinavumilia ukame, na ushauri ni mzuri. Lakini mkulima asiye na watoto wa kuamia, au aliyewapeleka watoto shule kama inavyotakiwa, anaangalia mahindi na kuona zao lisilohitaji ulingo. Anapanda mahindi. Mvua inakatika mwezi wa pili, mahindi yanakauka. Kwenye takwimu njaa hiyo itaandikwa ukame, na ndege wa gramu 20 alikuwemo ndani ya uamuzi tangu siku ya mbegu. Mtama mwekundu wenye tanini nyingi hushambuliwa kidogo kuliko mweupe, kwa kuwa ni mchungu, na wapo wanaoupanda pembezoni kama ukuta, ila ugali wake si wote wanaoupenda.

Serikali zetu hutumia sumu. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani kwa nchi za Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, lilibeba na jukumu la kwelea pia, na ndege zake zimenyunyizia malalio na mazalia katika nchi zetu kwa miaka mingi. Dawa inayotumika zaidi ni fenthioni, inayoshambulia mishipa ya fahamu. Hunyunyiziwa jioni, ndege wakiwa wametua, wingu laini sana linalowafuata ndani ya matete. Kwingineko, Botswana na Afrika Kusini kwa mfano, wametumia pia baruti. Mkulima wa mpunga aliyebakiza siku kumi kuvuna sina la kumwambia akiomba ndege hiyo ije. Angekuwa mama yangu angeomba pia.

Lakini sumu haichagui. Tai na mwewe wanaokuja kuokota ndege waliolegea hulegea nao. Bundi hufa. Maji ya matete ndiyo hayohayo yanayonyweshwa ng'ombe. Na watu huokota kwelea waliokufa wakala au wakauza, kwa kuwa ni nyama. Chad, iliyoona wakulima na wanyunyiziaji wake wakiumwa, iliomba fenthioni ya kunyunyizia yenye kipimo kikali iingizwe katika Mkataba wa Rotterdam, orodha ya kemikali ambazo nchi haipelekewi bila kutoa idhini kwanza. Ombi hilo lilizungushwa kwa miaka mingi hadi likakubaliwa mwaka 2025. Na baada ya miongo ya kuua mamia ya mamilioni, idadi ya kwelea barani haijashuka. Ndege anayezaa mara kadhaa kwa mwaka, kila mara matatu, huziba pengo haraka. Wataalamu wenyewe walishaacha lengo la kummaliza. Kinachowezekana ni kulilinda shamba hili, wiki hii.

Na hapo ndipo ninaposimama. Ndege anayefuata ratiba ya mvua anaweza kutabiriwa, kwa kuwa mvua inaonekana. Robert Cheke na wenzake walionyesha mwaka 2007, kwa nchi za kusini mwa Afrika, kwamba taarifa za mvua za setilaiti zinatosha kueleza ni wapi na lini mahali patafaa kwa kwelea kuzaa. Ukijua mazalia yako wapi wiki mbili kabla ya makinda kuruka, una nafasi ya kufanya mambo ambayo sasa hatuna muda wa kuyafanya. Wakulima wa skimu wanaweza kupanda kwa pamoja ili mpunga uive kwa pamoja, na hasara ikagawanyika badala ya kumwangukia mmoja aliyewahi au aliyechelewa. Nyavu zinaweza kununuliwa kwa ushirika. Na wategaji wanaweza kufika.

Wategaji hawa wapo. Kondoa wanategwa kwelea kwa mitego ya kusukwa kwa nyasi, ufundi uliorithiwa, na nyavu zimeongezeka juu yake. Ndege hunyonyolewa, huchemshwa kwa chumvi, hukaangwa, huuzwa. Nimewala. Ni nyama kidogo yenye mifupa laini, tamu sana ikikaangwa ikakauka. Katika kijiji ambacho nyama ni ya sikukuu, malalio ya kwelea yasiyopigwa sumu ni chakula na ni fedha za daftari. Wategaji hawatamaliza kundi la milioni mbili, hilo tusidanganyane, lakini wanapunguza pale panapouma, na hawaachi tai waliokufa chini ya miti.

Ningependa ujumbe wa simu ufike kwa mwenye uwele wa Bahi ukisema: mvua upande wa mbuga ya Wembere ilianza wiki ya pili ya Desemba, nyasi zimetoa mbegu, ndege wameshajenga, makinda yataruka karibu na Machi 20, wategaji wa Kondoa wameshaarifiwa, kama mtama wako utakuwa kwenye maziwa siku hizo simamisha ulingo sasa na tafuta wa kukusaidia kuamia. Mvua inapimwa, nyasi zinaonekana, na ratiba ya ndege imekwisha kuandikwa tangu mwaka 1971.